Kiti cha Mama Ouida na Neno la Siri la Mchungaji

Jumapili, 16 Novemba

Imetangazwa! Mechi ya mpira wa Kimarekani, chuo chetu Marengo dhidi ya Barbour, Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Siku hizi runinga ndiyo inayopanga saa, si makocha wala vyuo, na sisi tunangoja kama wagonjwa wanaongoja majibu. Baada ya ibada mji mzima ulikuwa umeinamia simu. Saa nane na nusu ni saa nzuri mno. Nyama itakuwa imeiva na mama mkwe hatakuwa amesinzia.

Hapo hapo nje ya kanisa shemeji yangu Royce akapayuka mbele za watu kwamba mwaka huu mechi itatazamwa kwake. Kanunua runinga mpya. Kubwa kiasi kwamba ilibidi ipitishwe dirishani. Anasema mchezaji akianguka unaona mpaka majani yaliyomnasa menoni. Watu wakacheka, wapuuzi. Halafu akamgeukia mama yake, mama mkwe wangu, Mama Ouida, akamwambia atapita Ijumaa na pikapu kuchukua kiti chake.

Kiti! Kiti cha Mama Ouida kipo sebuleni kwangu tangu mumewe, mzee Alton, atutoke. Kila mwaka mechi ya Barbour hutazamwa kwangu: Mama kitini, kofia ya marehemu juu ya runinga, simu zote ndani ya bakuli la mkate. Kiti kikitoka hakirudi. Mlo wa bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani utakifuata, Krismasi itafuata, na mimi Hoyt Pruitt nitabaki mkwe wa kualikwa, wa kuulizwa kama nimepata mahali pa kukaa.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mechi ni kwangu kama kawaida, na picha itakuwa safi kuliko ya Royce. Mama Ouida akasema yeye atakwenda palipo na picha. Hana maneno mengi, mama yule.

Mke wangu Nadine akanibana mkono kwa furaha. Hajui kwamba kebo ya runinga niliikata mwezi wa nane. Nimekuwa nikimwambia ni matengenezo.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimewapigia watu wa kebo wanirudishie. Nikawekewa muziki. Nikala kiamshakinywa kizima nikisikiliza muziki. Hatimaye binti mmoja akaniambia fundi atakuja baada ya sikukuu. Nikamweleza habari ya kiti. Akasema anasikitika, lakini kwenye kompyuta yake hakuna mahali pa kuandika kiti.

Nikakaa jikoni nimejishika kichwa.

Mchana, muujiza! Kampuni ya kebo imegombana na kituo kinachoonyesha mechi. Hawaelewani masharti, basi kituo kimeondolewa kwenye kebo wilaya nzima. Nilipita mbele ya nyumba ya Royce kwa gari, polepole. Nikapita tena. Dirishani runinga yake kubwa ilikuwa ya bluu tupu, kama bwawa la kuogelea, na maandishi ya kuomba radhi katikati. Royce alikuwa amesimama mbele yake ameshika kiuno. Nilicheka mpaka nikakosa kona.

Nadine aliposikia habari akauliza na sisi tutatazamaje. Hapo ndipo nikamwambia kwamba mimi kebo niliikata zamani, kwa kuwa niliyaona haya yakija. Akasema kumbe nina akili. Nimeshusha pumzi! Nusura niyaamini mwenyewe.

Jumanne, 18 Novemba

Mechi inapatikana pia kwenye programu ya mtandaoni. Unajisajili, unalipia kila mwezi. Sikatai kulipa kwa ubahili. Ni msimamo. Mtu akishakata kebo kwa ushujaa, halafu akalipia kitu kile kile kwa jina lingine, atawaambia nini watu?

Nikawaza. Nikakumbuka Mchungaji Lamar.

Wakati wa kiangazi mimi ndiye niliyemsaidia Mchungaji kuunganisha runinga yake na programu hii hii. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba yeye hasahau neno la siri kwa sababu ni andiko alilohubiri mwisho. Wakati ule lilikuwa Wafilipi 4:13. Mwanamume yule hubadili mahubiri kila wiki, lakini neno la siri hulibadili akikasirishwa tu.

Nikajiuliza kama ni dhambi. Nikajijibu. Mimi ndiye ninayepokea watu mlangoni kanisani. Kwa miaka yote hiyo nimempa kila mtu kiti kizuri, Mchungaji hawezi kuninyima pa kutazamia. Nikaandika Wafilipi413. Ikafunguka! "Karibu, Lamar." Nikapiga magoti mbele ya runinga, ingawa zaidi ni kwa sababu waya ulikuwa chini.

Mchungaji hutazama mashindano ya kuoka keki. Ndiyo tu. Keki, keki, keki. Nikatazama moja nijue ubaya wake. Yule bibi wa keki ya limau alionewa waziwazi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Clovis kunyolewa. Kinyozi huyu ana habari za mji mzima na hana huruma. Alisema mbele ya wateja kwamba amesikia Hoyt Pruitt anajigamba ana picha, wakati mji mzima uko gizani. Akasema labda nitawachorea. Kicheko! Hata mtoto aliyekuwa akinyolewa alicheka.

Sasa, mtu mzima atavumilia hilo? Nikamnong'oneza Clovis neno la siri. Akajaribu kwenye runinga ya kinyozini. Keki zikatokea. Wateja wote wakanyamaza. Nilitoka pale nimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine lakini kichwa nimekiinua.

Nikakutana na Dada Earline wa kwaya kwenye maegesho. Mayai ya Earline, ya kuchemsha na kujazwa viungo, ndiyo yanayoamua watu wataenda wapi siku ya mechi. Royce ameshayaomba. Nikamwambia Earline nina kitu cha kumpa kama mayai yatakuja kwangu. Akanipa neno lake, nami nikampa neno la Mchungaji. Kaapa hatamwambia mtu yeyote isipokuwa dada zake.

Mambo yameiva. Royce hana kituo, hana mayai.

Alhamisi, 20 Novemba

Jirani yangu Thaxton ametundika bendera ya Barbour, ya njano, karibu kabisa na uzio. Ni jirani mwema siku zote za mwaka isipokuwa wiki hii. Tuna desturi, mimi na yeye: anayeshindwa anashusha bendera yake na kutundika ya mwenzake hadi baada ya Shukrani. Mwaka jana nililala na njano usoni wiki nzima. Mama Ouida alikula bata mzinga akiwa ameipa dirisha mgongo.

Nilikuwa nafagia majani. Thaxton akaja uzioni, ameegemea, akaniuliza kama nina pa kutazamia. Nikasema ninapo, tena pa kisasa. Akasema yeye wala hahangaiki, mechi inakuja angani, bure, antena tu. Bure! Nilicheka mpaka nikaegemea reki. Nikamwambia siku hizi hakuna cha bure, mzee, hata hewa ya matairi tunalipia. Akasema sawa, Hoyt, kama unavyoona. Mtu wa Barbour anishauri mimi wiki hii? Ningekuwa mjinga kiasi gani kumsikiliza?

Antena! Mimi yangu niliing'oa paani majira ya kuchipua kwa sababu ilikuwa inatia nyumba uzee. Nilimpa Thaxton huyo huyo apandishie maharage.

Ijumaa, 21 Novemba

Royce kaja na pikapu kweli! Na kamba! Nilipoona anaegesha kinyumenyume nikaruka nikakaa kwenye kiti cha Mama Ouida na kusema mgongo umenikamata. Royce akasema basi atakibeba na mimi ndani. Akaanza kupima mlango.

Nikamwambia runinga yake ni ya bluu. Akasema kabla ya saa hiyo kesho itakuwa imerudi, kampuni zinazungumza, na hata isiporudi, bora bluu yake kuliko maneno yangu. Nadine alisimama jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Jana aliniambia jambo moja: mama yake asipokaa nyumba hii kesho, mimi nitatoka na kiti.

Mama Ouida alikuwa ndani ya pikapu. Akashuka, akaingia na mkoba wake, akasema anataka kuiona hiyo picha kabla kiti hakijaguswa. Akasimama katikati ya sebule. Nikawasha.

"Watazamaji wa akaunti hii wamezidi. Jaribu tena baadaye."

Royce akasoma maandishi kwa sauti, polepole, kama anayewasomea watoto. Akafungua kamba. Nikabonyeza tena. Wamezidi. Nikabonyeza tena. Wamezidi! Nikasema labda ni wingu. Royce akauliza wingu gani linalohesabu watu. Nikabonyeza mara ya mwisho nimefumba macho, na nikasikia muziki wa keki.

Picha! Safi kama maji ya kisima. Mama Ouida akaniambia niondoke kitini. Akakaa. Akatazama mashindano yote ya keki ya tabaka, mkoba magotini, kisha akasema mambo haya yanampendeza, na kesho atakuja hapa hapa. Royce akakunja kamba yake. Aliuliza tu nimeipataje. Nikasema ni mambo ya ufundi.

Sijui kwa nini ilisema watazamaji wamezidi. Nadhani ni Mchungaji na keki zake.

Jumamosi, 22 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Adhuhuri nyumba imejaa. Nyama ya nguruwe ilikuwa kwenye moshi tangu alfajiri. Karanga za kuchemsha, chai ya barafu yenye sukari ya kukwaruza koo. Mayai ya Earline yakafika, Earline mwenyewe hakufika! Kabaki kwake kutazama na dada zake, kwa neno la siri nililompa mimi! Nikaona si haki. Lakini mayai ni mayai.

Royce akaja na sahani ya biskuti, ameinamisha uso. Nikampa kiti cha plastiki karibu na mlango. Nakiri nilifurahi.

Mama Ouida akaweka kofia ya mzee Alton juu ya runinga, mara ya kwanza ikaanguka, tukaifunga kwa utepe. Simu zote bakulini, bakuli magotini kwake. Desturi hii ilianza mwaka ule binamu aishiye jimbo la Georgia alipotuma matokeo kabla sisi hatujaona. Mama hakumsemesha hadi mtoto wa binamu huyo alipooa.

Programu ilikataa. Wamezidi. Ikakataa tena. Nimetoa jasho shati lote la kijani, rangi ya Marengo. Mpira unakaribia kupigwa, ikakubali. Nyumba ikapiga kelele. Niliinama kama mtu wa jukwaani.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mchezo unaanza tu, vijana wetu wamejipanga, hakuna aliyegusa mpira, mara kutoka nyumba ya Thaxton: "Haaayaaa!" Tukatazamana. Nusu dakika baadaye, kwenye runinga yangu, Barbour wakanyang'anya mpira wakakimbia nao hadi mwisho.

Nikasema ni bahati. Punde tena: "Haaayaaa!" Na Barbour wakafunga tena.

Mara ya tatu Mama Ouida hakutazama runinga. Aligeuza sikio dirishani. Thaxton akaguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mama akasema sasa ni sisi. Na kweli, nusu dakika, Marengo! Kuanzia hapo mama yule alikuwa anatabiri. Thaxton akiguna, Mama anapiga makofi kabla. Thaxton akipiga kelele, Mama anasema "chukueni mayai, hapa hakuna kitu cha kuona." Hajawahi kufurahi hivyo, machozi yalimtoka kwa kucheka.

Wakati wa mapumziko Nadine akauliza inakuwaje Thaxton aone kabla yetu. Royce, ambaye alikuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko afya yake inavyoruhusu, akaeleza. Ya mtandaoni inazunguka, inachelewa. Ya antena inatoka angani moja kwa moja. Tena bure. Nadine akauliza antena gani. Royce akanyoosha kidole dirishani.

Juu ya paa la Thaxton, inang'aa, antena yangu. Hakukuwa na jani hata moja la maharage.

Nadine alinitazama, na niliona anapanga mambo yote kwa mfuatano: kebo, matengenezo, akili zangu. Nikasema nyama inataka kugeuzwa. Nilikaa nje na ile nyama muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Robo ya mwisho. Tumebaki nyuma kwa alama moja. Saa inakwisha, na vijana wetu wamefika karibu kiasi cha kupiga teke. Mpira ukipita katikati ya milingoti ya lango tumeshinda. Ukikosa, njano dirishani, bata mzinga kwa mgongo, na nilimsikia Royce akimwambia mama yake kwamba mwakani kwake kutakuwa na antena. Mpigaji, kijana mwembamba, akarudi nyuma. Akavuta pumzi. Akainua mkono.

Runinga ikawa nyeusi.

"Umetolewa. Mwenye akaunti amebadili neno la siri."

Sijawahi kusikia kelele kama zile ndani ya nyumba yangu. Royce alisimama juu ya kiti cha plastiki. Mtu akasema redio, redio ya gari! Mtu akanirushia yai. Royce akanyoosha mkono kuchukua simu yake bakulini, na Mama Ouida akamchapa vidole. Akasema nyumba hii hatuletewi matokeo kwa simu. Kisha akainua kiganja.

"Nyamazeni. Thaxton ameshaona."

Tukanyamaza wote. Watu wazima, midomo wazi, sahani mkononi. Nadine akafungua dirisha. Upepo tu. Mbwa wa mtaa wa pili. Kutoka kwa Thaxton, hakuna kitu. Hata kuguna hakuna. Tukangoja. Nadine akauliza kwa kunong'ona kama mzee wa watu yu hai. Nami nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti cha Mama kwa mikono miwili, na naandika ukweli, nilikuwa naomba. Si mechi peke yake. Nilikuwa naomba kiti.

Mlango wa nyuma wa Thaxton ukafunguka. Akatoka kwa soksi tu, kichwa kimeinama. Akatembea polepole kwenye majani hadi kwenye mlingoti wake, akafungua kamba, na bendera ya njano ikaanza kushuka.

Mungu wangu! Nilimkumbatia Royce! Nilimbusu Royce kwenye kipara! Nadine alikuwa analia na kunipiga kwa kitambaa cha vyombo, yote kwa pamoja. Yai lilikuwa bado sikioni kwangu na sikujali.

Mama Ouida alingoja makelele yaishe. Akasema mzee Alton, enzi zao, alikuwa anasikiliza mechi hii barazani kwa redio ya jirani, kwa sababu wao hawakuwa nayo. Akasema hajaifurahia mechi hivi tangu hapo. Halafu akamwambia Royce arudishe pikapu yake nyumbani, kiti kimekaa mahali pake. Alhamisi atakula Shukrani hapa.

Mzigo umenitoka kifuani. Hata Nadine kabla ya kulala amesema mimi ni mpumbavu, lakini alisema akitabasamu.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani. Nilipokea watu mlangoni nikiwa nimevaa tai ya kijani. Mchungaji Lamar akanishika mkono, hakuuachia haraka.

Alipopanda mimbarini alisema ameacha mahubiri aliyoandaa. Akasema jana alikaa kutazama mechi yake kama mtu yeyote wa Marengo, na mashine ikamwambia watazamaji wamezidi. Akajaribu mchana kutwa. Mwisho akawapigia simu watu wa programu, wakamwambia kwamba Lamar anatazama tayari, kinyozini, na kwa akina dada watatu, na mahali pengine ambapo hatapataja. Basi akabadili neno la siri, akawatoa wote, na hapo hapo akaona andiko la kuhubiri leo. Alipofanikiwa kuingia yeye, mechi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanakunja viti. Clovis alikuwa anatazama viatu vyake. Earline alijifunika kwa kitabu cha nyimbo.

Kisha akasoma andiko. Kutoka, sura ya ishirini, mstari wa kumi na tano. Usiibe. Akalisoma mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ananitazama mimi. Akahubiri kirefu. Nilitikisa kichwa kwa huzuni kila alipowataja wezi. Lilinigusa sana.

Mlangoni nilingoja anikamate. Akaniambia tu kwamba amefurahi kusikia Mama Ouida aliona mechi vizuri, na akaniuliza kama mimi pia nilidhani bibi wa keki ya limau alionewa. Nikasema ndiyo, waziwazi. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nimesalimika! Sijui alijuaje kwamba niliitazama.

Mchana Thaxton alikuwa ametundika bendera ya kijani, mwanamume wa neno lake. Akaja uzioni akasema antena ile ni yangu kwa haki, yeye atanunua nyingine, niichukue kabla ya mechi za sikukuu. Nikamshukuru nikakataa. Mimi ni mtu wa mambo ya kisasa, siwezi kurudi kwenye mabomba ya paani.

Nimekaa sasa mbele ya runinga. Nadine yuko kwa mama yake wanapanga bata mzinga. Nimefikiri sana juu ya mahubiri ya leo. Kuna jambo moja ambalo halikuniacha tangu nitoke kanisani, na nimelijaribu hivi punde.

Kutoka2015.

"Karibu, Lamar."

Nimemwambia Clovis tu. Na Earline, kwa sababu ya mayai ya Alhamisi.